Msaidizi Hukaa Kushoto

Nina shahada tatu, na ya tatu ilinichukua miaka saba. Nayasema haya mapema ili msomaji aupime vizuri uzito wa ninachokiri: kwa miaka miwili hivi, alasiri ambazo chuo kimeniandikia kwamba ni za utafiti, nimezitumia kutazama treni za Uingereza.

Si filamu kuhusu treni, wala vipindi vya historia ya reli, vitu ambavyo mtu angeweza kuvitetea mbele ya wenzake wa idarani. Ni video zilizopigwa kutoka chumba cha dereva. Kamera imebanwa nyuma ya kioo cha mbele, na unachokiona ni reli mbili zinakuja, zinakuja, zinaingia chini yako. Saa mbili, saa tatu. Hakuna anayeongea. Mvua inanyesha, kifuta kioo kinapita, kondoo wanageuza vichwa, kituo kinafika, abiria watatu wanapanda, tunaondoka. Sijawahi kufika Uingereza, na nikipelekwa leo nitapotea hapo hapo uwanja wa ndege, lakini nishushe kwenye daraja fulani la reli huko Wales nitakuambia kona inayofuata ni ya kulia au ya kushoto.

Mume wangu alizaliwa Morogoro baba yake akiwa uhamishoni, akaletwa Afrika Kusini akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tangu hapo hana subira na kitu chochote kinachokwenda polepole. Siku moja aliingia sebuleni, akasimama nyuma ya kochi dakika mbili, akauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu atauawa. Nikamwambia hapana. Akauliza sasa natazama nini. Nikamwambia natazama Wales. Akaenda kukata majani.

Baba yake ndiye aliyeelewa.

Baba mkwe alihamia kwetu, mtaa wa Kensington wa Johannesburg, mwaka jana, baada ya mama mkwe kufariki. Tulimpa chumba cha nyuma, kile chenye mlango wake wa kutokea uani, kwa sababu alisema hataki kupita katikati ya maisha ya watu kila anapokwenda kununua mkate. Ni Msotho wa hapa hapa Johannesburg, aliyetoroka nchi akiwa kijana, akafika Tanzania, na huko akaoa na akafundishwa kuendesha treni za mizigo. Aliziendesha zaidi ya miaka kumi na tano. Aliporudi nyumbani akiwa na vyeti vyake kwenye mfuko wa nailoni, aliambiwa havitambuliwi. Akawa mlinzi wa duka la vitambaa mjini mpaka alipostaafu. Sikuwahi kumsikia akilalamika juu ya hilo. Alichokuwa akilalamikia ni kwamba watoto wake walisahau Kiswahili. Na mama mkwe, Mluguru, mtu pekee aliyekuwa akigombana naye kwa Kiswahili kila siku ya Mungu, alipoondoka, nilibaki mimi.

Lakini mimi ni mkwe. Mwanamke na baba mkwe wake, hata kama wanalala nyumba moja na wanatumia birika moja, wana mambo machache sana ya kuongea. Umeamkaje, Baba. Salama, Mama. Mchuzi umekolea. Asante. Miezi mitatu tuliishi hivyo, kwa adabu ya hali ya juu, kama mabalozi wa nchi mbili ndogo.

Alasiri moja alikuja sebuleni kurudisha kikombe. Nilikuwa na kazi za wanafunzi mapajani, kama ninavyokuwa nazo siku zote nikitazama treni, ili mtu akiingia ghafla nionekane nafanya kazi. Kwenye video ikalia kengele. Treni za kule zina kifaa ndani ya chumba cha dereva: ikikaribia taa ya kijani kengele inagonga mara moja, ting, taa ikiwa njano au nyekundu, inalia honi ya kukera. Baba mkwe alisimama mlangoni na kikombe chake.

"Hiyo ni nini?"

Nikamweleza, huku nikitafuta rimoti nizime, maana aibu iliyonipata ilikuwa ya mtu aliyekutwa anakula kwa mikono miwili. Akaniambia nisizime, niongeze sauti. Akaja akakaa kwenye kochi, upande wa kulia, akapapasa mkono wa kochi kama anatafuta kitu alichokiacha pale jana. Nami nikainuka kumpisha. Akasema niketi.

"Wewe kaa kushoto. Msaidizi hukaa kushoto."

Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya pili. Nilifundishwa siku hiyo hiyo. Kwao, kwenye treni za mizigo, walikuwa wawili, dereva na msaidizi. Msaidizi akiiona taa huita rangi yake kwa sauti, na dereva hurudia. Nikasema, kwa ule ujuaji wangu wa darasani, kwamba sioni haja ya kurudia kama wote wawili wanatazama mbele. Akanijibu kwa upole kwamba ukiita peke yako umejiambia tu. Mwenzako akirudia, mmeona wawili. Ila nyekundu. Nyekundu hairudiwi. Ikitajwa, mkono wa dereva unakwenda kwenye breki kwanza, maswali baadaye. Haijalishi nani kaitaja, haijalishi yeye mwenyewe kaona nini.

"Hata kama msaidizi amekosea?"

"Mtu aliyekosea nyekundu tunamtania wiki nzima. Aliyekosea kijani tunamzika."

Basi tukaanza. Kila Jumanne na Alhamisi, siku ambazo siendi chuoni Braamfontein, saa tisa baada ya chai, tuliondoka. Mimi kushoto na kazi za wanafunzi, yeye kulia na mkono kwenye breki ya kochi. "Kijani." "Kijani." "Njano mbili." "Njano mbili." Njano mbili zilimfurahisha sana, hakuwa nazo kwenye njia zake, kule Uingereza njano mbili zinamaanisha taa inayofuata itakuwa njano moja, na baada ya hiyo huenda ukakuta nyekundu. Alisema Waingereza ni watu wa ajabu, wanakuonya kwamba watakuonya.

Nilikuwa mbovu. Nilikuwa nasahau kuita kwa sababu ya sentensi fulani ya mwanafunzi, na mara nyingi yeye alinitangulia. Ting, na papo hapo: "Kijani." Nikiinua macho, taa ndiyo kwanza inajitokeza kwenye kona, nukta ndogo ambayo hata mimi na miwani yangu ya bei mbaya naitafuta. Nikawa namsifia. Nilimwambia mume wangu kwamba baba yake katika umri ule ana macho ya mwewe. Niliwaambia wenzangu kazini. Namtazama sasa yule mwanamke wa shahada tatu anavyotamba kwa macho ya mkwewe, natamani nimfinye.

Siku niliyojua ilikuwa Alhamisi. Mkuu wa idara alinipigia simu tukiwa njiani, nikazima sauti ya televisheni nisije nikaulizwa ni kengele gani hiyo, nikasimama kwenye mlango wa jikoni nikimweleza jinsi kitabu changu kinavyoendelea vizuri. Kwenye kioo treni ilikuwa inaingia mji mkubwa. Ilipunguza mwendo. Mbele ikaonekana taa nyekundu, kubwa, wazi kama nyanya juu ya meza. Treni ikaenda polepole, polepole, ikasimama kabisa chini yake.

Honi haikusikika, maana sauti nilikuwa nimeizima. Baba mkwe alikaa wima, uso mbele. Akasubiri kidogo. Halafu, kwa sauti ya chini, kwenye upande wangu uliokuwa mtupu, akasema, "Kijani." Na baada ya kupumua akajijibu, "Kijani."

Nilimaliza simu. Sikumbuki niliahidi nini.

Nilirudi kushoto, nikarudisha sauti, nikaita taa zote zilizobaki. Nilianza kuona yale ambayo mtu mwenye macho mazima angeyaona zamani. Gazeti alilokuwa akinunua kila asubuhi barabarani lilikuwa likikaa mezani likiwa na mikunjo ya dukani, mpaka nilisome mimi, naye aniulize leo kuna nini. Akimimina chai, kidole kilikuwa ndani ya ukingo wa kikombe. Kutoka chumbani kwake mpaka jikoni alikuwa akihesabu. Midomo ilimchezacheza, nami nilidhani anasali.

Jumanne iliyofuata, kabla ya kuwasha, nilimuuliza. Nilizunguka kwanza, kama tunavyofundishwa kuzunguka kwa wakubwa, nikaanza na hali ya hewa. Akanikatisha. Alisema alijua nimejua, kwa sababu Alhamisi, baada ya simu, niliita taa zote bila kukosa hata moja.

Akanisimulia habari ya dereva wake. Alipokuwa msaidizi, miaka yake ya mwanzo, alipangwa na mzee mmoja mkubwa wa mwili, fundi wa kupandisha mlima na mabehewa thelathini, ambaye macho yalikuwa yakimwishia. Mzee hakumwambia. Siku moja tu alimuuliza, ile pale ni rangi gani, na kijana akajua. Kwa mwaka mzima na zaidi alimwitia kila taa, kila ng'ombe, kila mtu aliyevuka, na mzee akarudia na kuendesha. Hakuna aliyegundua. Baba mkwe alisimulia haya kwa fahari, mgongo umenyooka. Kisha kijana akashikwa na malaria, akalala siku nne. Mzee alipangiwa msaidizi mwingine, mvivu wa kuita. Walipita nyekundu, wakagonga mabehewa ya saruji yaliyokuwa yamesimama. Hakuna aliyekufa. Lakini mzee alipelekwa kwa daktari wa macho, na daktari wa macho akamshusha kwenye treni siku hiyo hiyo, akarudi kwao akiwa mtu wa kuongozwa kwa fimbo kama mbuzi.

"Kosa langu," alisema Baba mkwe. "Sikupaswa kuugua."

Hilo ndilo alilokuwa amejifunza kutokana na habari ile. Nilitaka kumwonyesha kwamba kuna funzo lingine, na hilo lingine ni kubwa kama treni yenyewe, lakini mkwe hamfundishi baba mkwe.

Alichokiogopa alikitaja mwenyewe. Daktari ataandika kipofu kwenye karatasi. Mwanawe, ambaye ni mtu mwema na mwenye haraka, atasoma karatasi na kufanya kinachotakiwa kufanywa. Kwanza atamzuia asiende kununua mkate. Halafu atamtafutia mahali, pazuri, penye bustani na wauguzi, ambapo hakuna mtu hata mmoja wa kumwambia shikamoo. Akaniomba nisimwambie.

Nikakubali. Ningependa kusema nilikubali kwa huruma, na huruma ilikuwepo, lakini ukweli ni kwamba nilijiona mtu. Miaka kumi na tisa ndani ya ukoo ule na hakuna aliyewahi kunipa siri, hata ya kupikia. Sasa nilikuwa macho ya mtu.

Na nikaifanya kazi hiyo kupita kiasi. Kwa kuwa nilijua haoni, nikaanza kumsimulia njia. Mwanzoni nilikuwa mwaminifu: nyasi, ukuta wa mawe, nyasi, kondoo. Lakini nchi ile, ukiieleza kwa uaminifu, ni nyasi tu. Nikaanza kuongeza. Nikaweka bahari mahali ambapo palikuwa na ukungu. Nikaweka punda wawili. Na kwenye njia yetu tuipendayo, ile ya Wales, mara tu baada ya daraja, nyuma ya nyumba fulani nyeupe ambayo kweli ipo, nikaweka mwanamke anayeanika nguo. Nilimpa vibanio mdomoni, shuka mbili, sare za shule, na shati moja jekundu la mwanamume.

Baba mkwe alimpenda yule mwanamke. Tulipoirudia njia ile alikuwa akiuliza, "Tumemfikia?" na mimi nasema bado, bado, sasa, huyo. Siku moja alisema anasikia kifuta kioo kinafanya kazi. Iweje mtu aanike nguo kwenye mvua? Nikamwambia mvua imeishia kwenye daraja, upande wake ni mkavu. Akaguna. Nimefundisha fasihi miaka ishirini bila kupata msikilizaji kama huyo.

Wiki sita zilipita hivyo. Mume wangu alifurahi kutuona tumezoeana, akasema kwa Kiingereza kwamba hajui ni nini tunaona kwenye zile treni, lakini tuendelee.

Kwenye kona ya barabara kuu, karibu na duka la mkate, kuna Mrundi mmoja anayeuza mboga na vifuniko vya simu kwenye meza moja, jambo ambalo nilikuwa nalistaajabia mpaka nikalizoea. Tunasalimiana kwa Kiswahili, chake cha Bujumbura na changu cha Tanga, na kila mmoja anamhurumia mwenzake. Jumatano moja nilisimama kununua mchicha. Akaufunga, hakunipa.

"Mama, huyu mzee wenu anavukaga barabara na masikio."

Nikajifanya sielewi. Akanieleza, bila kunilaumu, kwamba kila asubuhi mzee anafika pale kwenye roboti, kama tunavyoziita huku taa za barabarani, anasimama karibu na meza yake, anamsalimia, anauliza habari za watoto, anauliza habari za biashara, mpaka yeye Mrundi amwambie: mzee, imekuwa kijani, twende. Mwanzoni alidhani ni mtu wa maongezi. Sasa anamvusha mwenyewe na kumrudisha, na meza anaiacha hivyo hivyo.

Nakiri kwamba kitu cha kwanza kunijia kilikuwa wivu. Kumbe sikuwa msaidizi peke yangu.

"Sasa nakuambia hivi," alisema, "kwa sababu kesho kutwa mi siko. Naenda kufuata makaratasi yangu ya kukaa huku. Nikienda kule sijuagi narudi lini, inaweza kuwa siku moja, inaweza kuwa wiki. Nani atamwambia kijani?"

Alinipa mchicha. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeubeba kifuani kama mtoto. Njia nzima nilikuwa nasikia siku nne za malaria, na yule msaidizi mvivu wa kuita. Nilipofika nilikuwa na hotuba nzima kichwani, yenye utangulizi na hoja tatu, na kila nilipoipitia nilimwona Baba mkwe akiisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akisema, asante Mama, na kesho kutwa asubuhi akitoka kwenda kununua mkate.

Alhamisi saa tisa tulikaa kwenye nafasi zetu. Niliweka njia ya Wales. Sikubeba kazi za wanafunzi. Tulitoka kituoni, nikaita, akarudia, tukapita mji mdogo, tukapita kiwanda. Hatukuwa tumefika kwenye daraja. Mbele kulikuwa na taa, na kengele ikalia, ting, safi kabisa. Taa ilikuwa kijani.

"Nyekundu," nikasema.

Mkono wake ulikwenda. Kabla sijafunga mdomo, mkono ulikuwa umevuta mkono wa kochi mpaka kitambaa kikalia, na mguu wa kulia umekanyaga zulia. Hakurudia. Kwenye kioo treni ilipita chini ya taa ya kijani na kuendelea na safari zake, na magurudumu yalisikika wazi, dakadaka, dakadaka, hayakupungua hata kidogo. Aliyasikia. Aliisikia kengele pia. Lakini mkono haukuachia breki.

"Kengele imelia, Mama," alisema.

"Nimeisikia, Baba."

"Umeiona nyekundu?"

"Nimeiona." Kisha nikamwambia kuhusu Mrundi, kwamba kesho hayupo, na kwamba keshokutwa anaweza pia kuwa hayupo. Sikusema zaidi. Hotuba yote ilikwisha hapo, na hoja zake tatu.

Treni ikavuka daraja. Nyumba nyeupe ikapita. Hakuuliza kama tumemfikia.

"Huyo daktari yuko wapi?" akasema.

Tulikwenda Ijumaa alfajiri, kwa sababu foleni ya kliniki ya macho katika hospitali ya serikali huanza kabla ya jua. Baba mkwe mwenyewe alimwambia mwanawe Alhamisi ile ile, kwa Kisotho, maneno machache; mimi nilikuwa jikoni nikiosha sahani iliyokuwa safi. Mume wangu hakusema kitu kuhusu mahali penye bustani na wauguzi, hata sijui kama aliwahi kuwaza hilo. Alitoka uani akakata majani aliyokuwa ameyakata Jumapili.

Nilipoendesha gari, Baba mkwe alikaa kushoto, kama abiria wote wa nchi hii. Tulikuwa tumebadilishana viti. Kwenye roboti ya kwanza nilisubiri aite, kisha nikajishtukia, nikaita mwenyewe, naye akarudia. Tuliendelea hivyo mpaka hospitali. Kwenye nyekundu nilisikia mguu wake ukikanyaga sakafu.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa wanafunzi wangu, mwenye mikono ya upole. Alimtazama muda mrefu. Alieleza kwamba macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na hilo linatolewa. Lakini la kushoto lilikuwa pia na presha, imekaa humo kimya muda mrefu na kuua mshipa, na lenyewe halitarudi. La kulia bado. Nilimuuliza, nikijitahidi isikike kama swali la kawaida, kama wiki sita zingeleta tofauti. Akasema hapana, hiyo ni kazi ya miaka. Nimeamua kumwamini. Kuna siku naamini vizuri, na kuna siku najiuliza kama naye si mtu wa kuweka bahari mahali penye ukungu.

Nilimtafsiria Baba mkwe, ingawa alikuwa ameelewa Kiingereza chote. Alitaka kusikia jina la ugonjwa kwa Kiswahili.

"Mtoto wa jicho," akarudia. "Basi nimezaa uzeeni." Kisha akagusa jicho la kushoto kwa kidole, akasema, taratibu, "Upande wa msaidizi."

Walimfanyia upasuaji wa jicho la kulia mwezi uliofuata. Plasta ilipotolewa alinitazama kwa makini, akasema alikuwa hajui kwamba nimeota mvi. Alimtazama mwanawe muda mrefu zaidi. Kisha akaitazama sebule, akauliza ni nani alichagua pazia lile, na kwa siku kadhaa tukawa na mkaguzi ndani ya nyumba. Kutu kwenye geti. Buibui. Mkate aliokuwa akiusifu, kumbe umeungua chini.

Anavuka barabara mwenyewe. Huwa anageuza kichwa chote kushoto, pole pole, kisha anakwenda. Mrundi alirudi na makaratasi yake ya miezi michache, akaniambia mzee siku hizi anamsalimia kwa kifupi tu na kupita, kama mtu mwenye ofisi. Niliona amenuna kidogo. Nilimwelewa vizuri kuliko alivyojua.

Maana nami niliona dalili. Jumanne ya kwanza Baba mkwe alipotaka treni, alikaa kulia, nami kushoto, nikafungua mdomo kuita na yeye akawa amekwisha kuita. Safari nzima hivyo. Nikawa narudia mimi, na hata kurudia nikawa nachelewa. Nikaanza kubeba tena kazi za wanafunzi. Ilikuwa njia ya Wales, yeye aliiomba. Alitazama kiwanda, akatazama mji mdogo, akasogea mbele kwenye kochi, viwiko magotini. Nilijua anakokwenda, na sikuwa na pa kushukia.

Tukavuka daraja. Nyumba nyeupe ikaja, na nyuma yake uwanja wenye nyasi na pipa la taka, mtupu kabisa, halafu ikapita. Alichukua rimoti, ambayo sasa anaijua kuliko mimi, akarudisha nyuma. Nyumba ikaja tena. Akaisimamisha hapo.

"Mama."

"Abee, Baba."

"Yule mwanamke yuko wapi?"

Niliitazama ile nyumba. Kulikuwa na mvua pande zote mbili za daraja.

"Nguo zilikauka, Baba," nikasema. "Ameanua."

Alifikiri. Jicho jipya lilikagua uwanja ule kutoka ukuta mpaka ukuta, kama lilivyokagua mapazia yangu.

"Na kamba akaondoka nayo?"

"Na kamba."

Aliguna, akaiachia treni iende, akarudisha mgongo kwenye kochi. Mbele, mbali, kwenye kona, ilikuwa imejitokeza taa ambayo mimi sikuweza kuitambua rangi yake. Hakuiita. Aliweka mkono kwenye breki, akanisubiri.